Utepe wa Kidato cha Tano

Niliamini, tena niliamini kwa moyo mmoja na bila haya, kwamba mtoto anayeitwa kujiunga na kidato cha tano hupimwa kichwa. Hupimwa kwa utepe, ule ule wa fundi cherehani, unaozungushwa juu ya masikio mpaka ncha zikutane kipajini. Kichwa kikiwa kikubwa, mtoto huyo ni wa sayansi. Kikiwa cha wastani, asome historia na jiografia. Kikiwa kidogo, arudi kwao na nauli ya basi mkononi. Habari hii nilipewa na Fondo, mwenzangu wa darasa la jioni pale mtaa wa Muyeye, ambaye mchana alichuna mbuzi na jioni alichuna aljebra. Fondo alikuwa na binamu aliyefika kidato cha tano, na binamu huyo, kwa kauli ya Fondo, alirudi likizo ana mstari kipajini ambao haukufutika mpaka siku aliyooa. Ushahidi kama huo ungeubishaje? Malindi nzima iliamini. Vijana wa mtaa wa Kisumu Ndogo waliofaulu walifuga nywele mpaka wakawa wanaingia mlangoni ubavu ubavu, ili utepe ukute kitu cha kuzunguka.

Nawaandikia nyinyi vijana mliopewa kazi ya kuwaeleza wazazi mambo ya sekondari, kwa sababu uvumi huo nusura umkoseshe masomo msichana mmoja aliyeitwa Zuhura. Na mimi, niliyekuwa nikila mshahara wa serikali ili niwafumbue wazazi macho, nilikuwa nimefumba yangu pamoja nao, tena nimefumba kwa nguvu.

Kazi yenyewe niliingia mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kabla ya hapo nilikuwa dobi kwenye hoteli moja ya kitalii ufuoni. Nilipiga pasi mashuka ambayo ukiyaunganisha yangetandikwa kutoka Malindi mpaka Lamu na yakabaki ya kufunikia Lamu yenyewe. Jioni nikitoka pasini naingia darasani, madawati ya watoto, magoti yakigonga kidevu. Nilianza na cheti cha msingi, nikapanda mpaka mtihani wa kidato cha nne, nikaufanya kama mtahiniwa wa nje, yaani mtu asiye na shule wala sare. Nikapata divisheni ya tatu. Mama yangu alipiga vigelegele vilivyofukuza kunguru mtaa mzima, na sidhani kama wamerudi.

Siku ya kwanza nilifika katika ofisi ya elimu ya tarafa nikiwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi kitaalamu, ungeweza kukatia mkate kwa ule mkunjo. Barazani palikuwa na foleni ya wazazi. Ndani alikuwapo Afisa Elimu Msaidizi, bwana mmoja wa bara, mnene, mwenye haraka, aliyezungumza huku akipiga mihuri.

"Umesoma wapi?" akaniuliza.

"Jioni, bwana."

"Nimeuliza wapi, sijauliza saa ngapi."

"Muyeye, bwana. Jioni."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Divisheni unajua ni nini?"

"Najua, bwana. Mimi mwenyewe ninayo moja."

"Basi wewe ni mtaalamu. Unaona hao watu huko nje? Kila mtu ameleta cheti ya mtoto yake, na mimi nikiwaeleza wanasema ndiyo, ndiyo, halafu wanarudi kesho kuuliza hiyo hiyo maneno. Kiswahili yangu haiwaingii. Yako itawaingia. Kaa hapo kwa baraza."

Nikashtuka. "Nianze lini, bwana?"

"Umechelewa tayari."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Nikapewa meza, kiti kilichokosa mguu mmoja, na cheo cha Karani wa Maelezo kwa Wazazi, ambacho sijapata kukisikia tena mahali popote duniani. Nikakaa barazani nikaanza kueleza.

Nyinyi wa siku hizi hamtaamini mambo yalivyokuwa yamepinduka. Katika cheti cha kidato cha nne cha zamani, kila somo lilipewa pointi kuanzia moja mpaka tisa, na moja ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Tisa ilikuwa kuanguka. Masomo sita yaliyo bora yalijumlishwa, na aliyekuwa na jumla ndogo ndiye aliyeshinda. Kutokana na jumla hiyo mtoto alitiwa katika divisheni, ya kwanza mpaka ya nne. Wa divisheni ya kwanza aliitwa kidato cha tano. Wa pili aliitwa akibahatika. Wa tatu alijaribu chuo cha ualimu, atoke na daraja la P1, afundishe shule za msingi. Au chuo cha ufundi, umeme, useremala, ufundi bomba. Waliokwenda cha tano walichukua masomo matatu makuu, wakayasoma miaka miwili mpaka kidato cha sita, na kufaulu huko kuliitwa prinsipo. Ukiwa na prinsipo za kutosha, chuo kikuu kilikuita. Ukipungukiwa, ulipewa sabsidiari, yaani ulikaribia lakini hukufika.

Sasa mweleze hayo mkulima wa mahindi anayejua tangu kuzaliwa kwake kwamba kingi ni bora kuliko kichache. Nilipelekwa Marafa kwa muda, kuhudhuria mikutano ya Chifu. Nikafika kwa Mzee mmoja aitwaye Charo siku aliyokuwa akifanya karamu. Alikuwa amechinja beberu ambaye, naapa, pembe zake zilikuwa zinaonekana kutoka barabara kuu. Nikamuuliza sherehe ya nini.

"Mwanangu kapata arubaini na nane!" akasema. "Na yule wa jirani, aliyekuwa akijisifia, kaambulia kumi na nne. Wamejifungia ndani kwa aibu."

Mfupa ulinikwama kooni. Ilibidi nimweleze kule nyuma ya jiko, mchuzi ukinichuruzika mkononi. Alinisikiliza, akatazama umati uliokuwa ukila.

"Mwalimu," akasema, "haya umemwambia nani mwingine?"

"Wewe wa kwanza, Mzee."

"Basi nawe kula kwanza. Wageni wakiondoka ndipo nifahamu."

Nawasimulia hayo ili mjue kwamba sikuwa mjinga wa kila kitu. Pointi nilizijua. Divisheni nilizijua kama mifuko ya suruali yangu. Waraka ukija kutoka makao makuu niliusoma mpaka ukachanika mikunjoni. Lakini ndani ya shule ya bweni sikuwahi kutia mguu. Kidato cha tano nilikijua kama watu wanavyoijua Ulaya, kwa kusimuliwa. Na waraka utakueleza jambo usilolijua. Haukuambii kwamba lile unalolijua ni upuuzi. Habari ya utepe sikuiuliza kwa yeyote, kwa sababu hakuna mtu anayeuliza kama maji ya bahari yana chumvi.

Kutoka Marafa nikarudishwa Malindi, na bosi alikuwa amebadilishwa. Sasa alikuwapo Mkaguzi wa Shule, mtu wa Mombasa, mwembamba, msafi, mwenye Kiswahili cha kukunja na kukunjua. Miaka hiyo mfumo wa nane-nne-nne ulikuwa umeshaingia kwenye shule za msingi, na ilijulikana kwamba kidato cha tano na cha sita vinakaribia kufutwa kabisa. Waliokuwa wakiitwa walikuwa miongoni mwa wa mwisho. Mkaguzi alituita ofisini akasema: "Sikilizeni. Atakayeikosa nafasi hii safari hii, asitarajie nyingine. Mlango wafungwa. Sitaki kusikia nafasi ya mtoto wa Malindi imepewa mtu mwingine kwa sababu mzazi hakuelewa. Na ya msichana ndiyo kabisa sitaki kuisikia. Kwani tunao wangapi?"

Hatukuwa nao wengi. Miongoni mwao alikuwa Zuhura, binti wa Mzee Swaleh, mpishi wa halua wa mji wa kale. Divisheni ya kwanza. Pointi moja katika hesabu, moja katika fizikia, mbili katika kemia. Nilipoziona pointi zake nilikaa chini, na kwa kuwa kiti changu kilikuwa kile cha miguu mitatu, nilikaa chini hasa. Ameitwa kusoma sayansi katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Mombasa. Wanafunzi waripoti mwisho Ijumaa. Baada ya hapo nafasi anapewa aliye nyuma yake. Ikawa Jumatano, na habari zikanifikia kwamba Mzee Swaleh amekataa.

Nikaenda. Alikuwa uani kwake, mbele ya karai la shaba ambalo ng'ombe angeweza kuoga ndani yake, akisonga halua kwa mwiko mrefu kama mlingoti wa bendera. Halua, kwa msiojua, haiachwi. Ikishatiwa wanga na sukari hukorogwa bila kupumzika mpaka itoe samli, la sivyo inashika chini na mali yote imeharibika. Kwa hiyo mtu mwenye shida na Mzee Swaleh alizungumza naye mgongoni, kwenye moshi.

"Asalaam alaykum, Mzee wangu. Shikamoo."

"Wa alaykum salaam. Marahaba. Wewe ndiye Kenga, yule wa ofisi?"

"Ndimi, Mzee."

"Umekuja kwa ajili ya Zuhura." Hakugeuka. "Haendi. Keti unywe kahawa."

"Mzee, kwa nini lakini? Mtoto kapata divisheni ya..."

"Najua alichopata. Nimeelezwa na kila mtu, hata muuza maji kanieleza. Ewe Kenga, nakuuliza jambo moja, unijibu kweli. Nywele za binti yangu tangu abaleghe hajaziona mwanamume asiye maharimu yake. Leo nimpeleke kwa watu nisiowajua, avuliwe mtandio, azungushwe utepe na karani wa serikali, kama boga sokoni. Wewe wako ungempeleka?"

Hapa, vijana wangu, ndipo mtu mwenye akili timamu angesema: Mzee, hakuna utepe. Mimi nilibaki mdomo wazi kwa mshtuko, na mshtuko wenyewe ulikuwa huu: ofisi nzima, na mimi ndani yake, hatukuwahi kulifikiria jambo hilo! Vichwa vya wasichana wa Kiislamu vinapimwaje? Nani kaweka utaratibu? Niliona aibu kwa niaba ya serikali.

"Mzee," nikasema, "una haki."

Mzee Swaleh akageuka. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na kukubaliwa kulimwondolea nguvu. Akanipa mwiko. "Shika hapa. Zunguka upande mmoja tu, usisimame. Nataka nikae nikutazame vizuri."

Nikasonga. Mikono ilianza kuwaka kabla sijafika mzunguko wa tatu. Kutoka nyuma ya pazia la mlango ikatoka sauti ya dada yake Mzee, Bi Fatuma, shangazi aliyemlea Zuhura tangu mama yake afariki.

"Dobi hajui kusonga, kaka. Ataiunguza."

"Shikamoo, Bi Fatuma."

"Marahaba. Zungusha, usipapase! Halua si shuka."

Basi nikiwa nasonga tukaanza kujadiliana. Nikapendekeza kipimo kifanywe na mwanamke. Mzee akataka mlango ufungwe. Nikakubali mlango, nikaongeza dirisha. Akataka utepe upite juu ya mtandio. Hapo nikasita, nikasema mtandio utaongeza unene na serikali itajiona imedanganywa. Bi Fatuma akasema basi avae ule wa shashi, mwembamba kama pumzi. Tukaafikiana shashi.

"Na utepe utoke kwangu," Bi Fatuma akaongeza. "Wa kwao sijui umezunguka vichwa vya nani. Chawa hawana kidato."

Ndipo Zuhura mwenyewe akatokea mlangoni, mtandio kichwani, macho mekundu ya mtu aliyelia lakini amemaliza. "Baba, mimi wanipime hata nyayo, mradi niende. Tena nimeshajipima mwenyewe, kwa uzi wa cherehani. Changu chazidi cha kaka Abdalla."

"Cha Abdalla hata nazi yakishinda," akasema shangazi yake. "Si ushahidi huo."

"Nenda ndani," akasema Mzee, lakini si kwa ukali. Binti alipoondoka na Bi Fatuma akamfuata, Mzee Swaleh alisogeza kigoda karibu na karai, akashusha sauti mpaka ikawa naisikia kwa shida juu ya mchemko wa samli.

"Kenga. Na kikiwa kidogo?"

"Mzee?"

"Kichwa. Mtandio tumeshaumaliza. Nakuuliza, kikiwa kidogo? Wamrudishe hapa, mji mzima ujue, akae ndani na jina hilo?" Alitazama moto. "Mimi nilipelekwa skuli siku moja. Mwalimu akanitazama, kanitazama tu, hakuniuliza hata jina, akamwambia babangu: huyu hatafaa, mpe kazi. Nikapewa mwiko. Ndio huo ulioushika. Sikatai sayansi. Nakataa atazamwe namna ile."

Nikamwambia tu kwamba nitakwenda mwenyewe na Zuhura mpaka huko shuleni, nitasema masharti yote mbele ya Mwalimu Mkuu, na kama kichwa kitaonekana kidogo nitabishana mpaka wanitoe nje kwa askari. Mzee akachukua mwiko wake.

"Tutakwenda pamoja basi. Lakini nitamkabidhi baada ya kuona kwa macho yangu. Nisiporidhika, narudi naye. Na hapo chini umeiunguza kidogo."

Kwa Mkaguzi nilikwenda kuomba Landirova ya idara. Nikamwambia mzazi ana wasiwasi wa heshima ya binti, anataka kujionea mahali. Utepe sikuutaja. Kwa nini nimtajie Mkaguzi wa Shule jambo analolijua kila mpima samaki wa Malindi? Akatia saini. "Mzazi anayetaka kujionea ni mzazi mwema," akasema. "Usirudi na msichana ndani ya gari hiyo, Kenga."

Ijumaa tukaondoka alfajiri: dereva, mimi, Mzee Swaleh katika kanzu iliyonyooka kiasi kwamba dobi wa zamani ndani yangu alipiga saluti, Bi Fatuma na mkoba wake, na Zuhura na sanduku la bati. Miaka hiyo daraja la Kilifi halikuwapo. Magari yalivuka kwa feri. Tukaikuta feri ng'ambo ya pili, imelala, na foleni ya malori ambayo mkia wake nilidhani uko Watamu. Nikashuka nikaenda kumwomba msimamizi wa kivuko. Nikamwambia tumebeba mwanasayansi. Akachungulia ndani ya gari, akamwona Mzee Swaleh na ndevu zake nyeupe, akasema, "Shikamoo, daktari," akatupitisha mbele. Mzee hakumsahihisha. Bi Fatuma alicheka mpaka tukamaliza maji.

Tulifika shuleni jua limepanda. Karani akatuketisha kwenye benchi nje ya mlango wa Mwalimu Mkuu, akasema tungoje. Kutoka madarasani ilisikika sauti ya masomo, wasichana wakijibu kwa pamoja. Zuhura aliyasikiliza yale majibu huku midomo yake ikicheza. Mzee Swaleh aliutazama mlango. Mimi nilitazama vichwa vya wasichana waliopita uwanjani, nikivikadiria kimoja kimoja, na kwa kweli baadhi yao nilishangaa wamepenyaje.

Leo nimestaafu. Nimekalia mabenchi mengi ya serikali, nimewahudumia maafisa wa kila aina, wenye mihuri na wasio na mihuri, na hakuna benchi lililonitoa jasho kama lile. Wajukuu zangu wako katika mfumo mwingine kabisa, ambao wakifika sekondari ya juu huchagua mkondo: kuna wa sayansi na teknolojia, kuna wa sayansi za jamii, kuna wa sanaa na michezo. Na juzi jirani yangu hapa Muyeye, mtu mzima mwenye simu ya kupangusa, kanijia akiwa na yakini kwamba mtoto wa mkondo wa michezo hupimwa urefu wa miguu, na wake ni mfupi, afanyeje? Nilishtuka mpaka kikombe kikaniponyoka. Niliona kumbe hatujahama tulipokuwa. Tumebadilisha kiungo cha mwili tu.

Kwa hiyo nyinyi mnaoikalia ile meza ya barazani sasa, mjue hivi. Mzazi haji kwenu na swali. Mwenye swali hujitafutia jibu njiani. Anayefunga safari mpaka ofisini huja na yakini, na ameikumbatia kama mtoto mchanga. Msimcheke. Mwulizeni kaipata wapi. Na chini ya yakini ile mtafute hofu, kwa maana ipo. Mimi nilizungumza na Mzee Swaleh habari za milango na mitandio na shashi mpaka mikono ikavimba, na hofu yake ilikuwa jambo jingine, ikingoja watu watoke ndipo isemwe. Baada ya hapo mjiulize nyinyi wenyewe: mimi je, haya ninayoyajua nimeyapata wapi? Miaka yangu ya kwanza ningelijiuliza hilo hata mara moja, ningelikumbuka kwamba elimu yangu yote ya kidato cha tano ilitoka kwa mtu aliyekuwa akichuna mbuzi.

Basi tukiwa pale kwenye benchi, mlango ukafunguliwa. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mrefu mwenye miwani, sauti yake ya chini, ya mtu asiyehitaji kuipandisha. Akamwamkia Mzee Swaleh kwanza, kwa shikamoo, akambusu Bi Fatuma mkono, akatukaribisha viti. Nikasimama. Nilikuwa nimeyakariri masharti njia nzima na niliyatoa kama hotuba ya mkuu wa wilaya.

"Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, mzazi huyu yuko tayari kumkabidhi binti yake, lakini kuhusu kile kipimo ana masharti. Kifanywe na mwanamke. Mlango ufungwe na dirisha pia. Mtandio usivuliwe; amekuja na wa shashi. Shangazi yake awepo. Utepe tumekuja nao wenyewe."

Bi Fatuma akafungua mkoba, akautoa utepe, akauweka mezani juu ya karatasi za Mwalimu Mkuu. Ulikuwa mpya.

Mwalimu Mkuu aliutazama ule utepe. Akanitazama mimi. Akautazama tena.

"Kipimo cha nini?" akauliza.

"Cha kichwa," nikasema.

"Kichwa cha nani?"

"Cha Zuhura. Cha sayansi."

Nimeona mambo mengi ya kushtua katika kazi yangu, lakini sijaona uso wa mtu msomi ukishtuka namna ile. Alivua miwani. Nilidhani atacheka, na kama angecheka nadhani Mzee Swaleh angemshika binti yake mkono wakaondoka. Hakucheka. Alimtazama Mzee, aliyekuwa amekaa wima, viganja vyote viwili juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuambiwa neno alilowahi kuambiwa.

"Nani kawaambia kwamba hapa watoto hupimwa vichwa?" akauliza polepole.

Mimi ndiye niliyekuwa serikali katika chumba kile. Nilitaka kumtaja Fondo. Nikaona Fondo hatanifaa hapo.

Mzee Swaleh ndiye aliyesema, na hakunitazama mimi wala utepe. "Mwalimu, kwa hiyo hapa hapana mtu anayemtazama mtoto tu, akasema huyu hatafaa?"

"Hapana, Mzee wangu," akasema Mwalimu Mkuu. "Kichwa hatupimi, hatujawahi kupima. Anayeingia hapa ameingia kwa alama zake za mtihani wa kidato cha nne, na anayesoma sayansi ni yule aliyefaulu hesabu na fizikia. Za Zuhura zatosha na kuzidi. Mtandio wake abaki nao, na sasa aende darasani, wenziwe wameshaanza."

Mzee Swaleh akamwashiria Zuhura aende, na Bi Fatuma akaurudisha utepe wake mkobani.